Lori Letu Litatoka Wapi?

Kila msimu wa mavuno, mtu asimamaye kando ya barabara pale Katesh, chini ya mlima Hanang, huona mali ya taifa ikipita mbele ya macho yake. Hupita ngano ya Basotu, mahindi ya Endasak, alizeti na mbaazi, vitunguu saumu vilivyoshuka kutoka Mbulu, chumvi iliyochotwa Balangida, na ng'ombe wa Wabarabaig waendao minadani. Yote hayo ni jasho la Mtanzania. Ardhi ni yake, mikono ni yake, na mvua ni rehema aliyojaliwa. Lakini chombo kinachoibeba mali hiyo si kazi ya mikono yake. Jina lililoandikwa kwenye paji la lori ni la Sweden, la Japani, la Ujerumani, la China au la India.

Wapo wasemao kwamba jambo hili halina neno. Wanasema lori ni lori, almuradi mzigo umefika. Sisi hatukubaliani na maneno hayo yote, ingawa twakiri yamebeba ukweli fulani ambao tutaurudia. Kwa leo twataka kuwakumbusha wanachama na wafanyakazi habari ambayo vijana wengi hawaijui, na ambayo wazee wengi wameanza kuisahau: kwamba nchi hii imekwisha kujaribu kuwa na malori yake, si mara moja bali mara mbili. Jaribio la kwanza lilikuwa kiwanda cha TAMCO. La pili lilikuwa Nyumbu. Yote mawili yalifanyika Kibaha, katika mkoa wa Pwani. Na sasa jaribio la tatu limeanza, papo hapo Kibaha, katika eneo lile lile la TAMCO. Kabla hatujapiga makofi, yatupasa tuulize ni kitu gani kilichoyaangusha yale ya kwanza.

LORI NA MAISHA YA MKULIMA

Twaanza na Mbulu na Hanang kwa sababu huko ndiko thamani ya lori ionekanapo bila ya kuelezwa. Mbulu imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Gari litokalo tambarare za Ziwa Manyara kwa njia ya Mbuyu wa Mjerumani sharti lipande mlima wa Magara, na mlima huo umewatoa jasho madereva na matingo kwa vizazi viwili. Hanang nayo ina mbuga za udongo mweusi ambao ukinyeshewa hushika gurudumu kama gundi. Kutoka Katesh mpaka viwanda vya kusaga vya Arusha ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Kabla ya barabara ya Minjingu, Babati na Singida kutiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, mwendo huo ungeweza kumchukua dereva siku nzima, na wakati wa masika ungeweza kumchukua wiki.

Katika mahali kama hapo, bei ya gunia huamuliwa na lori. Lori likikosekana, mlanguzi hufika na lake moja akataja bei aitakayo, na mkulima huuza, kwa sababu mahindi hayasubiri na ada ya shule haisubiri. Spea ikikosekana, lori husimama juu ya mawe mwaka mzima, na hasara yake humfikia mama wa Dongobesh ambaye hakuwahi hata kulipanda lori hilo. Ndiyo sababu twasema kwamba habari ya kiwanda cha malori si habari ya wahandisi peke yao. Ni habari ya bei ya mazao.

Hanang ina ushahidi mkubwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali yetu ikishirikiana na Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nchi ya Basotu, chini ya shirika la NAFCO. Yalifunguliwa mashamba saba, kila moja lapata ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Zililetwa mashine za kulimia, za kupandia na za kuvunia, na malori ya kuhamishia nafaka. Kwa miaka kadhaa mashamba hayo yalilisha miji ya nchi hii sehemu kubwa ya mkate wake. Hilo ni jambo la kweli na hatulikatai.

Lakini kuna mengine ambayo ni ya kweli vilevile. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Walitolewa humo bila ya ridhaa yao, makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe ya matrekta, na wengine walilazimika kulipeleka shauri lao mahakamani katika miaka ya 1980. Tena mashine zile zilikuwa za kigeni kutoka skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Msaada wa Kanada ulipokoma mwaka 1993, hapakuwa na kiwanda chochote nchini cha kutengeneza hata sehemu ndogo ya vifaa vyake. Mashine moja ilivuliwa viungo ili kuiponya nyingine, hata zikabaki mifupa mitupu. Baadaye mashamba yakagawanywa, mengine yakapewa wananchi na mengine wawekezaji. Mtu akiuliza maendeleo yasiyo na mizizi yana sura gani, na aende Basotu akaulize.

MALORI YA FIAT NA SOMO LA 1966

Taifa letu lilijifunza mapema kwamba lori ni silaha ya uhuru. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kidhalimu, na ndugu zetu wa Zambia wakajikuta njia yao ya kusini imekuwa njia ya adui. Mafuta yao yalipaswa kupita Dar es Salaam, na shaba yao itokee huko huko. Mwaka 1966 serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitalia, ziliunda shirika la uchukuzi wa barabara lililotumia malori ya Fiat. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, ajali zilikuwa nyingi mno, hata wenyewe wakaiita njia ya Jehanamu. Madereva na mafundi wetu waliipita usiku na mchana. Uhuru wa Zambia ulibebwa migongoni mwao kabla ya reli ya TAZARA kukamilika katika miaka ya 1970.

Somo lilikuwa wazi. Taifa lisilo na vyombo vya kubebea mizigo huweza kukabwa koo bila ya risasi hata moja kupigwa. Na somo la pili lilifuata nyuma yake: mwenye lori asiye na spea hana lori.

KIWANDA CHA TAMCO

Katika miaka ya 1970, wakati Azimio la Arusha lilikuwa likitekelezwa katika viwanda, kilijengwa Kibaha kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi ya Scania ya Sweden. Ndicho hicho TAMCO. Kwa Mtanzania wa siku zile, Scania iliyounganishwa Kibaha ilikuwa jambo la fahari, nasi hatuoni sababu ya kuwacheka waliofurahi. Vijana waliotoka vijijini walijifunza kufunga injini, kunyoosha chasisi, kupiga rangi na kukagua breki. Malori hayo yalikwenda kwa mashirika ya umma, kwa vyama vya ushirika na kwa kampuni za uchukuzi za mikoa. Yalibeba pamba, kahawa, mbolea na saruji.

Yafaa tujue kampuni yenyewe ya Scania ilitoka wapi, maana wengi hudhani mataifa ya Ulaya yalizaliwa na viwanda vyake. Sivyo. Mwaka 1891 ilianzishwa katika mji wa Södertälje kampuni ya Vabis, kazi yake ikiwa kutengeneza mabehewa ya reli. Mwaka 1900, katika mji wa Malmö, ilianzishwa Scania, nayo iliuza baiskeli. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wao walianza kuunda motokaa na malori, na mwaka 1911 kampuni hizo mbili ziliungana. Mwaka 1921 kampuni hiyo iliyoungana ilifilisika. Ilifilisika kabisa, ikaundwa upya kwa fedha mpya za benki ya Stockholm. Mwaka 1969 iliungana na Saab, na kwa jina hilo ndipo ikatujia sisi. Kwa hiyo kampuni iliyotuletea malori ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, tena ilikwisha kuanguka mara moja na kuinuliwa. Waliokuwa wakiitazama TAMCO baada ya miaka kumi na kusema "Mwafrika hawezi" walisahau kuyahesabu hayo.

Hata hivyo, kujua kwamba wengine walianguka hakutuondolei wajibu wa kueleza kwa nini sisi tulianguka. Sababu ya kwanza ilikuwa katika maana ya neno kuunganisha. Lori la TAMCO lilifika bandarini Dar es Salaam likiwa limefunguliwa ndani ya makasha: injini, giaboksi, ekseli, kichwa na nyaya. Kibaha ndipo lilipofungwa. Kila kasha lililipiwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitoka kwenye kahawa, pamba na mkonge. Kiwanda hiki, kilichokusudiwa kutupunguzia utegemezi, kikawa kinategemea bei ya kahawa kama mkulima mwenyewe.

Sababu ya pili ilikuwa mapigo ya wakati ule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda, ikashuka. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita ya kumng'oa ikala fedha, mafuta na magari. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Hazina ilipokauka, viwanda vyote vilivyoishi kwa vitu vya kuagiza vilikauka navyo. Mashine zilikuwapo, wafanyakazi walikuwapo, lakini makasha hayakuwapo.

Sababu ya tatu ndiyo yenye kuuma zaidi, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwetu. Miaka ilipita bila ya orodha ya vitu vya kutoka nje kupungua kiasi cha kutosha. Arusha kulikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho Serikali ilikuwa na hisa 74 kwa mia. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Hayo yalikuwa matofali mazuri, lakini hayakujengwa nyumba moja. Springi, redieta, breki, viti, matangi ya mafuta, vichujio na bodi ni vitu ambavyo viwanda vidogo vingepewa kazi ya kutengeneza kwa mkataba na kwa ratiba. Kila shirika lilikwenda na mpango wake na wizara yake.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na baada ya mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa mlango ulizidi kufunguliwa. Malori yaliyotumika Ulaya na Japani yakaanza kumiminika. Mashirika ya umma, ambayo ndiyo yaliyokuwa wanunuzi wakuu wa TAMCO, yalikuwa taabani. Kiwanda kilichokosa makasha kikakosa na mnunuzi. Kilififia, na jina lake likabaki kuwa jina la mahali.

NYUMBU: NJIA NYINGINE

Wakati TAMCO ikiunganisha, palizuka fikira nyingine. Vita ya Kagera ilikuwa imeonyesha kwamba jeshi na taifa huweza kukwama kwa kukosa gari la mizigo. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele. Mwalimu Nyerere alitaka Watanzania wabuni gari lao wenyewe, wasiunganishe la mwingine. Ndipo ulipoanza mradi wa Nyumbu, na mwaka 1985 likaundwa rasmi shirika la teknolojia ya magari ambalo mpaka leo watu huliita Nyumbu, chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi.

Jina lenyewe lilichaguliwa vizuri. Nyumbu si mnyama wa mapambo. Hana madoa ya chui wala shingo ya twiga, lakini husafiri mwendo mrefu, huvuka mito, na hula majani ayaonayo. Gari la Nyumbu lilikusudiwa hivyo hivyo: liwe gumu, lifae barabara mbovu, na mabati yake yawe bapa ili yakatwe na kukunjwa kwa vyombo vya kawaida pasipo mashine ghali za kufinyanga vyuma. Mhandisi aliyelibuni hakuiga gari la London au la Stockholm. Aliitazama barabara kama ile ya Mbulu, kisha akachora.

Magari yalitengenezwa, yakatembea. Hilo ni jibu tosha kwa wale wenye mashaka juu ya akili ya Mtanzania. Lakini hayakuwahi kuingia katika utengenezaji wa wingi. Mkulima wa Basotu hakuwahi kwenda dukani akanunua Nyumbu. Shirika halikufa; limeendelea kufanya utafiti, kutengeneza pampu na mashine nyingine, na hata kuunda gari la zimamoto. Lakini utafiti bila ya oda ni kama shamba darasa lisilo na wakulima. Kiwanda hufundishwa na gari la elfu, wala si na gari la kwanza. Gari la kwanza laonyesha kwamba jambo lawezekana. Gari la elfu ndilo lishushalo bei, lisahihishalo makosa, na lizaalo maduka ya spea kutoka Mbulu mpaka Mtwara. Nyumbu walinyimwa gari la elfu.

WENZETU WALIFANYAJE?

Twawatazama wenzetu wawili ambao hawakuwa matajiri walipoanza. India ilipata uhuru mwaka 1947 ikiwa nchi ya njaa. Kampuni ya Tata, iliyoundwa mwaka 1945 kutengeneza vichwa vya treni, ilifunga mkataba na Daimler-Benz wa Ujerumani mwaka 1954 ili kutengeneza malori. Mkataba ule ulikuwa wa miaka 15. Kwa miaka hiyo malori yalibeba nyota ya Mjerumani. Mwaka 1969 mkataba ulikwisha, nyota ikaondolewa, na lori likaendelea kutembea kwa jina la Tata. Wahindi walijua siku ya kuanza na walijua siku ya kumaliza. Kila mwaka kati ya siku hizo mbili ulikuwa na kazi yake.

China nayo iliweka jiwe la msingi la kiwanda chake cha kwanza cha motokaa mjini Changchun mwaka 1953, kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1956 lilitoka lori la kwanza, likaitwa Jiefang, maana yake Ukombozi. Liliiga umbo la lori la Kirusi, na Wachina hawakuona haya kusema hivyo. Lakini chuma kilikuwa chao, na wanunuzi walikuwa taifa lao. Kiwanda hicho ndicho FAW, ambacho malori yake leo yanaunganishwa Kibaha, katika eneo la TAMCO. Msomaji na alipime jambo hilo. Mwanafunzi wa mwaka 1956 sasa ndiye mwalimu wetu. Hatusemi hivi kwa wivu. Twasema kwa sababu wakati kati ya lori lao la kwanza na kiwanda chetu cha kwanza ni kama miaka 20 tu.

JARIBIO LA TATU

Hatuyapingi malori yanayounganishwa Kibaha sasa, wala yale ya Sinotruk yanayounganishwa Kigamboni. Ajira za vijana zipo, ujuzi upo, na kuunganisha ni mlango halali wa kuingilia. Twalipinga jambo moja tu: kuugeuza mlango kuwa nyumba. Makasha yaliyofunguliwa huingizwa kwa nafuu ya ushuru. Nafuu hiyo ni fedha ya umma. Ni dawa iliyopungua zahanati, ni kilomita ya lami iliyochelewa. Umma ukilipa, umma una haki ya kuuliza umenunua nini.

Tunao mfano wa karibu. Katika miaka ya 2010, matrekta ya Ursus yaliunganishwa hapo hapo TAMCO kwa mkopo kutoka Poland, na wakulima wa mikoa mingi waliyachukua kwa matumaini. Mwaka 2021 kampuni ya Ursus ilitangazwa kufilisika kwao Poland. Mkulima aliyekopa trekta ana deni lake palepale, lakini aliyeliunda hayupo tena kama alivyokuwa. Mti wa kupandikiza ambao mizizi yake imebaki ng'ambo hukauka siku ng'ambo kukipatwa na ukame.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba lori ni lori almuradi mzigo umefika. Twawajibu kwa heshima, kwa maana wanamsemea mkulima. Ni kweli kwamba Fuso iliyokwisha tumika Japani, ikiuzwa kwa bei nafuu, imewafaa watu wa Mbulu na Hanang kuliko ahadi nyingi za viwanda. Ni kweli pia kwamba haingekuwa haki kumlazimisha msafirishaji mdogo wa Haydom kununua lori ghali na dhaifu ili tu viongozi wapate kukata utepe. Kiwanda kinacholindwa kwa kumkamua mkulima ni ubeberu uliovaa kofia ya nyumbani. Kwa sababu hiyo hatuombi mlango wa malori ya mitumba ufungwe leo. Twaomba kitu kigumu zaidi, nacho ni ratiba.

Kwanza, kila kiwanda kinachopata nafuu ya kodi kwa kuunganisha malori kitangaze hadharani, mwaka hadi mwaka, ni sehemu zipi zitatengenezwa nchini na kufikia lini. Ianze na bodi, tela, matangi, viti, springi, betri na vichujio. Asiyetimiza apunguziwe nafuu yake, bila ya kuoneana haya.

Pili, Serikali na mashirika yake, ambao ni wanunuzi wakubwa kuliko wote, waweke oda ya miaka kadhaa mbele. Nyumbu walikosa oda, TAMCO walikosa oda siku mashirika yalipodhoofika. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa sifa.

Tatu, ubunifu wa Nyumbu uunganishwe na viwanda vya biashara, ili wahandisi wetu wasichore michoro ya kuhifadhi kabatini. Barabara za Magara na Yaeda Chini zingali zikisubiri gari lililobuniwa na mtu azijuaye.

Nne, chuma. Madini ya chuma ya Liganga na makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, yamezungumzwa tangu enzi za mkoloni, na mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini mwaka 2011. Taifa linaloagiza chuma chake chote litaendelea kuagiza na malori yake. Kadhalika General Tyre, iliyosimamisha uzalishaji mwaka 2007, ni jeraha ambalo Arusha na Manyara zingali zikilihisi kila tairi inapopasuka.

Tano, mafundi wa vijijini. Pale Katesh na Dongobesh wako vijana wenye kuchonga bushi, kuchomelea chasisi na kufufua injini ambazo nchi zilizoziunda zimekwisha kuzitupa. Hao ni wahandisi wasio na cheti. VETA na SIDO ziwatafute, ziwapime, ziwape mashine na mikataba midogo midogo ya sehemu za malori. Kiwanda cha kweli huanzia huko.

Na mwisho, twarudi kwa Wabarabaig. Kila mpango mkubwa wa mitambo una mtu anayesogezwa pembeni ili mitambo ipite. Mashamba ya ngano yalitufundisha kwamba tani za nafaka hazifuti dhuluma. Kiwanda chochote, mgodi wowote, barabara yoyote itakayojengwa kwa jina la kujitegemea, na ianze kwa kumuuliza yule ambaye ardhi ni yake.

WAJIBU WA WANACHAMA

Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu. Watu wa huko walimchagua Herman Sarwatt, naye ni mwana TANU, lakini hakuwa aliyeteuliwa na Chama. Wengine waliona aibu. Sisi, kwa kuitazama habari hiyo kutoka mbali, twaona ndani yake fundisho. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walikataa kuambiwa tu. Walitaka kujichunguzia wenyewe.

Twawaomba wanachama na wafanyakazi wa leo wawe na tabia hiyo hiyo mbele ya kila lori litakalotangazwa kuwa ni letu. Tawi la Chama na chama cha wafanyakazi viulize bila ya woga: sehemu ngapi zimetengenezwa hapa? Spea yake yapatikana Katesh? Fundi wetu aruhusiwa kuifungua injini, au ni lazima mgeni aitwe? Mkataba utakwisha lini, na siku utakapokwisha tutabaki na nini mikononi? Mfanyakazi wa Kibaha anayefunga nati anayo haki ya kuuliza nati hiyo ilitoka wapi, na kwa nini haikutoka Arusha au Moshi.

Nguo ya kuazima haisitiri. Tumeazima za kutosha kwa miaka sitini. Siku gunia la ngano la Hanang litakapopakiwa juu ya lori ambalo springi zake zimetoka Arusha, bodi yake Kibaha, na chuma chake Ludewa, hatutahitaji kutangaziwa kwamba tunajitegemea. Bei ya gunia itatuambia. Mpaka siku hiyo ifike, kila atakayetuletea kasha na kuliita kiwanda, na aulizwe.